Ukihamia Kwenye Theluji, Utakaa Karibu na Nani?



Wapendwa vijana wenzangu, leo tuna swali ambalo ukilisikia haraka haraka unaweza kusema siyo la dini, ni la dalali. Kijana anahamia mji wa mbali, mji wa baridi kali na theluji, na kabla ya kupanda ndege anatakiwa aseme atakaa wapi. Akae karibu na watu wa kwao? Karibu na chuo? Achukue chumba cha bei ya chini kabisa ili abaki na hela ya kutuma nyumbani? Au atafute mtaa uliotulia ambapo hakuna anayemjua, aanze maisha upya?

Swali hili nimeletewa na dada mmoja wa kwaya ya vijana, mtoto wa huku huku kwetu Songwe. Amepata ufadhili wa masomo katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, jimbo linalopakana na Kanada. Ada imelipwa na kuna posho kidogo, ila malazi anajitafutia. Mpaka sasa amepata nafasi mbili. Ya kwanza ni chumba ndani ya nyumba ya mama mmoja Mkongo mwenye watoto wanne, katikati ya mji wa Lewiston, kwenye jengo la zamani la ghorofa. Kuna kelele, bafu ni la kushirikiana, lakini yule mama anaongea Kiswahili na kanisani wanakwenda kwa miguu. Ya pili iko ng'ambo ya mto, mji wa Auburn. Mtaa umetulia: chumba cha chini ya nyumba, mlango wake, jiko lake, amani yake. Na hiki cha pili ni nafuu kwa dola 150 kila mwezi.

Dola 150, wapendwa, siyo hela ya mchezo. Kwa wazazi wake kule Mbozi, wanaolima kahawa na mahindi, hiyo ni mbolea. Ndiyo maana ameniuliza hivi: "Frateri, nikichukua chumba cha bei juu kwa sababu tu kina watu, si nitakuwa mbinafsi?"

Nimelifikiria sana swali hili, na nataka tulijibu wote pamoja. Hata wewe usiyekwenda kwenye theluji utahama siku moja, iwe ni kwenda Mbeya, Dodoma, Dar au Lusaka, na utakutana nalo.

Tunachouliza tukitafuta nyumba

Hapa Tunduma ukitafuta chumba maswali unayajua. Maji yapo? Luku ni ya kwako au mnachangia? Malori yanapita usiku? Kodi ni ya miezi mitatu au sita? Ni maswali ya haki kabisa, hasa hilo la maji. Anayeishi Tunduma hahitaji kuelezwa. Lakini ni mara chache utamsikia mtu akimuuliza dalali: majirani ni akina nani, na mimi nitakuwa nani kwao?

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kuna mtu aliyechagua kama tunavyochagua sisi. Mifugo ya Abramu na ya Lutu ilizidi, wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu, ingawa ndiye mkubwa, alimwachia Lutu, mtoto wa ndugu yake, achague kwanza. Lutu aliangalia bonde la Yordani, akaona lina maji ya kutosha, akalichukua. Hatusomi popote kwamba aliuliza habari za watu wa Sodoma. Kutafuta maji halikuwa kosa. Mfugaji asiyetafuta maji atapoteza mifugo. Kosa ni kwamba aliishia hapo. Alichagua malisho, na watu akawachukulia kama kitu kinachokuja chenyewe. Mwisho wake tunaujua.

Kura ya Mtakatifu Augustino

Wakati nasoma falsafa, kulikuwa na wazo moja la Mtakatifu Augustino ambalo mpaka leo halijaniacha. Liko katika kitabu cha kwanza cha kazi yake juu ya mafundisho ya Kikristo. Anaona tatizo: tumeagizwa kuwapenda watu wote, lakini hatuna uwezo wa kuwasaidia wote. Sasa tuanze na nani? Anajibu kwamba tuanze na wale ambao mahali, wakati na mazingira ya maisha vimewaweka karibu nasi. Hao ni kana kwamba wametuangukia kwa kura. Hukuwachagua, wewe umewakuta tu, lakini kwa sababu wako hapo, wana haki ya kwanza kwako.

Sisi tuliokulia huku wazo hili tunaliishi bila hata kulisoma. Ukihamia mtaa mpya Tunduma, iwe Sogea, Kaloleni au Mpemba, haipiti wiki mbili kuna mama atakuuliza: "Uko jumuiya gani?" Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, zimejengwa juu ya ujirani. Hawaweki wasomi peke yao na wafanyabiashara peke yao. Unasali na wakala wa forodha, na mama ntilie, na dereva wa lori ambaye wiki hii yuko nyumbani na wiki ijayo yuko Lubumbashi. Yuko Mnyamwanga mwenye ardhi yake, yuko Mkinga mwenye duka, yuko Mnyakyusa, yuko Mndali. Mmoja akifiwa, wote mnakeshea pale. Kwa nini? Kwa sababu mnakaa karibu. Sababu nyingine haihitajiki.

Kwa hiyo kwa aliyezaliwa hapa kura imeshapigwa. Anayehama yuko katika hali tofauti kabisa, kwa sababu kura hiyo ameishika mkononi mwake. Akiweka kidole kwenye ramani ya simu, hapo hapo anaamua ni mzee gani atamsaidia kubeba mizigo, ni watoto gani watamzoea, nani atamgongea mlango usiku akiwa na shida, na yeye atamgongea nani. Wengi wetu tunaipiga kura hiyo tukiwa tunaangalia picha za jiko. Ndiyo maana nasema hili ni swali la maadili, siyo la dalali peke yake.

Mji uliochaguliwa na wahamiaji zaidi ya mara moja

Huo mji wa Lewiston una historia inayotufaa sana, tena kuna sehemu yake inayotoka Tanzania.

Zamani Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Androscoggin. Kuanzia miaka ya 1870, reli ilipofika, Wakatoliki wa Quebec waliokuwa wanaongea Kifaransa walimiminika kuja kutafuta kazi. Sisi wa Tunduma tunaelewa reli inavyoweza kuleta watu. Walikaa pamoja kwenye majengo ya mbao yaliyobanana karibu na mto, mtaa ukaitwa Petit Canada, yaani Kanada Ndogo. Walidharauliwa kwa lugha yao na kwa dini yao. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilitunga sheria ya kulazimisha Kiingereza mashuleni, na katika miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan lilipata nguvu Maine likiwalenga Wakatoliki hasa. Katikati ya hayo yote watu hawa, wengi wao vibarua wa viwandani, walijenga kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lililokamilika miaka ya 1930. Leo lina hadhi ya basilika.

Viwanda vikafa. Wajukuu wakapata kazi kwingine na kuhama. Majengo ya katikati ya mji yakabaki matupu.

Mwaka 2001 zikaanza kuja familia za Kisomali. Wakimbizi hawa walikuwa wamepelekwa kwanza miji mingine ya Marekani, mfano Clarkston kule Georgia, kwa uamuzi wa mashirika. Hawakuridhika. Walituma watu wao waende kuangalia, kama Musa alivyotuma wapelelezi, na waliorudi wakasema: kuna mji huko kaskazini, ni wa baridi sana, lakini nyumba zipo, kodi ni ndogo, shule zipo, na watoto unaweza kuwalea bila hofu. Wakaenda. Fikiria, watu wa jua la Somalia wanauacha kwa hiari yao mji wenye joto na kuifuata theluji, kwa sababu ya watoto.

Baadaye wakaja wale wanaoitwa Wasomali Wabantu. Hapa ndipo Tanzania inapoingia. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu zetu za kaskazini-mashariki, wakauzwa Somalia, wakaishi kando ya mto Juba. Wapo ambao mpaka leo wanaongea Kizigua. Vita vya 1991 viliwakimbiza mpaka kambi za Kenya. Wengine walirudi Tanzania na kupewa ardhi Chogo, wilaya ya Handeni, na baadaye uraia. Wengine kama 12,000 walikubaliwa Marekani kuanzia 2003, wakatawanywa miji mingi, na baadhi wakajikusanya tena wenyewe Lewiston. Hebu tafakari: mababu zao hawakuchagua kupelekwa Somalia, wazazi hawakuchagua kambi, na hata mji wa kwanza Marekani walichaguliwa. Mara ya kwanza walipopata nafasi ya kuchagua wenyewe, walichagua kuwa karibu na wao kwa wao.

Je, ilikuwa rahisi? Hapana. Oktoba 2002, Wasomali wakiwa wamezidi elfu moja, meya wa mji aliwaandikia wazee wao barua ya wazi akiomba kasi ya watu kuja ipungue, akisema mji umeelemewa. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kikaja kufanya mkutano dhidi yao. Walihudhuria watu wachache sana, wakati siku hiyo hiyo maelfu ya wakazi walikusanyika sehemu nyingine kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2015 timu ya mpira ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa vijana wa familia za wakimbizi wa Afrika, ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, na uwanjani walishangilia watu wa kila rangi.

Sikuambii haya ili uone Lewiston ni paradiso. Majengo yale ya zamani ni ya bei nafuu kwa sababu ni mabovu. Mengi yana rangi ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo imewadhuru watoto wengi mjini humo. Mwaka 2013, ndani ya siku chache, moto uliteketeza majengo kadhaa ya katikati ya mji na wapangaji wakabaki bila makazi. Na mji huo ambao watu waliuchagua kwa ajili ya usalama, tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 18. Hakuna ramani inayoweza kukuhakikishia usalama. Lakini siku chache baada ya mauaji yale, watu waliokuja kuomboleza na kusali pamoja walijaza basilika ile ile ya vibarua wa Quebec. Nadhani hilo ndilo jambo mahali panaweza kukupa: watu wa kulia nao katika nyumba moja.

Mitego miwili

Kwa hiyo, ni lazima tukae na watu wa kwetu? Hapa twende polepole, kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kujificha kwa watu wa kwetu. Wapo wanaokaa ughaibuni miaka kumi na hawajawahi kunywa chai na jirani mwenyeji. Lugha haijaongezeka, marafiki hawajaongezeka, umbea wa nyumbani umehamia huko ukiwa mzima mzima. Pia tuseme ukweli: siyo kila ndugu wa kwetu ni ndugu. Wapo wanaomtoza mgeni kodi mara mbili kwa sababu hajui bei, au wanaomshikia pasipoti "kwa usalama". Kuongea Kiswahili siyo cheti cha utakatifu. Kanisa lenyewe linatulinda na mtego huu. Kanuni ya 518 ya sheria za Kanisa inaweka kwamba kwa kawaida parokia ni ya eneo, inawahusu waamini wote walioko pale, hata kama zipo parokia za lugha au taifa fulani. Na kanuni ya 102 inaeleza kwamba ukifika mahali ukiwa na nia ya kukaa angalau miezi mitatu, tayari una makao pale kisheria. Miezi mitatu tu! Yaani bibi wa miaka themanini mwenye asili ya Quebec anayekaa benchi la mbele ni mwanaparokia mwenzako, ana haki kwako, na wewe unayo kwake. Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge nyumba, walime bustani na wautafutie mji ule mema. Mji wa waliowateka!

Mtego wa pili ni kujificha peke yako, na huu vijana wengi tunauona kama ndoto. Mlango wangu, jiko langu, hakuna wa kuniuliza nimerudi saa ngapi. Kwa joto la Dar unaweza kuishi hivyo na bado ukakutana na watu, kwa sababu maisha yetu yako nje: kibarazani, dukani, kwenye bomba. Kaskazini baridi inafunga milango. Katikati ya Desemba, Maine jua linazama saa kumi na dakika chache jioni. Usiku wa Januari, nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Hakuna anayekaa kibarazani. Kama hujapanga mapema nani atakuona, unaweza kumaliza wiki nzima hujaongea na mtu zaidi ya kusema asante dukani. Na ukiugua kwenye chumba cha chini ya nyumba, nani atajua?

Mtu ataniambia: lakini Frateri, wamonaki si wanakaa peke yao? Ni kweli. Ila Mtakatifu Benedikto, katika sura ya kwanza kabisa ya Kanuni yake, anasema mkaapweke wa kweli ni yule aliyekwisha kupimwa kwa muda mrefu ndani ya jumuiya, na kule amejifunza kupambana. Huanzi na upweke. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka wake wa kwanza nchi ya ugenini, giza saa kumi jioni, simu mkononi usiku kucha: huo siyo ukaapweke. Hapo anaachwa mtu vitani bila mwenzake.

Na mbolea ya baba je?

Sasa turudi kwenye dola 150, maana dada yetu hakuuliza habari za Lewiston, aliuliza kama atakuwa mbinafsi.

Kwanza tufanye hesabu vizuri. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na mafuta ni gharama. Je, kodi ya kile chumba cha Auburn inajumuisha joto? Bila gari atafikaje chuoni na Misani theluji ikiwa imejaa barabarani? Akinunua gari kuna bima, kuna matairi ya theluji. Inawezekana kabisa zile dola 150 zikayeyuka kabla ya theluji yenyewe kuyeyuka.

Lakini tusikwepe swali kwa njia hiyo. Tuseme hesabu zote zimepigwa na bado Auburn ni nafuu. Je, ana wajibu wa kuchukua hicho cha bei ya chini kwa ajili ya wazazi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana sehemu nzima juu ya mpangilio wa upendo. Anasema wapo tunaopaswa kuwapenda zaidi kwa sababu ya ukaribu wao nasi, na wazazi wana nafasi ya heshima humo. Anasema pia jambo ambalo vijana wa Kiafrika tunalisahau: baada ya Mungu, mtu anapaswa kuipenda roho yake mwenyewe kuliko ya jirani. Mwili wake anaweza kuutesa kwa ajili ya wengine, avae sweta kuukuu, ale ugali na maharage wiki nzima, atembee badala ya kupanda basi. Hiyo ni sadaka, tena nzuri. Roho yake haruhusiwi kuiuza, hata kwa wazazi.

Kwa hiyo kipimo kiko hapa. Je, zile dola 150 zinamnunulia starehe ya mwili, au zinalinda kitu cha rohoni? Kama chumba cha Lewiston kingekuwa na bei juu kwa sababu ya televisheni kubwa, ningemwambia achukue Auburn na atume mbolea. Lakini kinachoongeza bei ni meza yenye watu sita jioni, ni mtu wa kuondoka naye kwenda Misani, ni mama atakayegonga mlango akiona asubuhi hajatoka. Hivyo ni vitu ambavyo bila hivyo kijana anaweza kupoteza imani polepole bila kugombana na Mungu hata siku moja, kwa kukaa tu kimya peke yake mpaka Jumapili inafanana na Jumanne. Kulipia hivyo siyo ubinafsi. Na sidhani kama kuna mzazi Mbozi ambaye, akielezwa wazi, angetaka mfuko wa mbolea kwa bei hiyo.

Ila aelezwe wazi. Sehemu kubwa ya uchungu wa walioko nje ni kwamba hawasemi. Nyumbani wanadhani hela zipo na mtoto anabana. Mwana apige simu, amwambie baba: "Baba, mwaka huu wa kwanza nitatuma kidogo, sababu ni hii." Hayo ni mazungumzo magumu kwa dakika kumi. Kuficha ni kugumu kwa miaka.

Mtu atakayegonga

Kwa hiyo jibu langu kwake, na kwa kila anayehama, liko hivi. Uliza mambo ya maji, joto, moto na rangi ya ukuta. Omba mkataba wa maandishi. Pasipoti yako kaa nayo mwenyewe. Ukimaliza hayo, jiulize: hapa nikikosekana siku tatu, nani atagonga? Na hapa, ni nani akikosekana siku tatu, mimi nitagonga kwake?

Maswali hayo mawili yaende pamoja. La kwanza peke yake linaweza kukufanya mtoto wa kubembelezwa. La pili peke yake linaweza kukufanya ujione mkombozi wa mji. Pakijibika yote mawili, hapo pana jirani, na hapo unaweza kukaa hata kama jiko ni dogo.

Kwa hiyo dada yetu nimemshauri achukue chumba cha Lewiston kwa mwaka mmoja. Asikae kama mpangaji anayepita. Awasaidie wale watoto wanne kazi za shule, ajue majina ya watu wa ghorofa ya chini, Wasomali kwa Wamarekani, na kila Jumapili asalimie mtu mmoja asiyefanana naye. Akishazoea lugha na baridi, akiona ameitwa kwingine, aende. Na ikitokea nyumba ile siyo salama, aondoke mapema bila aibu. Ruthu alimfuata Naomi mpaka Bethlehemu kwa sababu ya mtu, siyo kwa sababu ya mji, na hakukaa ndani akilia. Alitoka kwenda kuokota masuke mashambani mwa wenyeji. Alikuwa na mtu wake na bado akawa wa mji ule.

Wenzangu tunaobaki huku, nasi tuna sehemu yetu. Tunduma ni mji wa wahamaji. Kila siku anashuka mtu kwenye basi akiwa na begi moja, hajui hata upande wa kuelekea. Kwake yeye, hapa kwetu ndiyo kaskazini yenye theluji, hata kama jua linawaka. Kura yake anaipiga akiangalia sura zetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ataponaje mwenyeji ambaye hajui kwamba kuna mgeni nyumba ya pili?

Na tukumbuke kwamba Mungu naye alichagua mahali pa kukaa. Angeweza kuchagua Roma au Yerusalemu. Alichagua Nazareti, kijiji ambacho Nathanaeli alishangaa kama kinaweza kutoa kitu chema. Alikaa pale miaka mingi kuliko mahali pengine popote, akiwa jirani wa watu wa kawaida, fundi ambaye watu walimjua mama yake kwa jina. Na wale wanafunzi wawili wa kwanza katika Injili ya Yohane walipokutana naye, hawakuanza kwa kumwomba muujiza. Walimuuliza anakaa wapi. Yeye akawakaribisha waende wakaone, nao wakashinda kwake siku ile.

Maswali ya tafakari

1. Nyumba ninayoishi sasa, ni majirani wangapi nawajua kwa majina?
2. Nikikosekana siku tatu, nani atagonga? Na ni nani mtaani kwetu ambaye hakuna wa kumgongea?
3. Je, kuna jambo la hela ambalo naogopa kuwaambia wazazi wangu ukweli?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulikuwa mkimbizi Misri, mwanakijiji Nazareti na mgeni mezani kwa wengi. Wasimamie wenzetu wanaohama leo, hasa wale wanaokwenda kwenye baridi na giza wasilolizoea. Wape nyumba yenye joto na jirani mwema, na uwafanye wao kuwa jirani mwema. Sisi tunaobaki utufungue macho tumwone mgeni aliye karibu nasi. Maria, uliyekwenda kwa haraka mpaka mlangoni kwa Elizabeti, utuombee. Amina.